Maboksi Ishirini ya Rebeka

Ijumaa tarehe tano Desemba, saa tatu kasoro dakika tano asubuhi, Rebeka alifika kwenye duka la uchapaji la Shantilal, Mtaa wa Rufiji, Mwanza, kuchukua dayari zake mia nane. Jay, mtoto wa mwenye duka, alimwangalia kama anavyoangaliwa mteja aliyerudi baada ya kusahau mwavuli.

"Si mmeshachukua?" alisema.

Rebeka alidhani anataniwa, akacheka. Jay akamgeuzia kitabu cha kutolea mizigo na kuweka kidole kwenye mstari wa kwanza wa siku hiyo. Saa mbili na dakika kumi, maboksi ishirini, dayari, amepokea Antoni. Sahihi iliandikwa taratibu, herufi zimekaa vizuri, kama ya mtu asiye na haraka wala wasiwasi.

Rebeka hakumjua Antoni yeyote.

Alimpigia simu mama yake. Paskazia alikuwa kwenye cherehani yake Buzuruga, anashona sare ya shule, na aliposikia sauti ya binti yake mguu uliendelea kukanyaga wenyewe mpaka mkono wa shati ukashonewa kwenye kola. Hakuufumua. Alivua futi shingoni, akamwomba jirani amwangalizie vitu, akaondoka na kandambili zake za nyumbani. Saa tatu na nusu alikuwa Mtaa wa Rufiji.

Kilichomkimbiza hakikuwa dayari. Kilikuwa pasipoti. Rebeka alikuwa nayo tangu Agosti, na kuna wakala aliyemtafutia kazi za ndani Omani, safari tarehe kumi na tano Januari. Mama na mtoto walikuwa wamekubaliana: dayari zikitoka Desemba hii, Rebeka atampigia wakala amwambie haendi. Zisipotoka, anakwenda. Paskazia alijua mtoto akiondoka inakuwaje. Mzaliwa wake wa kwanza, Paulo, alikwenda Afrika Kusini miaka sita iliyopita, na mwaka wa nne huu simu yake ilikuwa haipatikani.

Dayari zenyewe Rebeka alizibuni peke yake kwa kompyuta ya kuazima. Madukani zilikuwepo nyingine nyingi, za kutoka Dar, zenye kurasa za vikao na namba za wageni wa ofisini. Yake ilikuwa ya watu wa dagaa. Alikwenda Igombe mara saba kuwauliza wavuvi wanahesabu vipi siku zao, akachora kila wiki kwenye kurasa mbili: duara jeusi kwa siku za giza, duara tupu kwa siku za mbalamwezi, mistari ya kuandika magunia yaliyokauka na yaliyolowa na mvua, siku za minada, na siku shule zinapofunga. Karatasi ngumu kidogo isiyovuja wino, waya pembeni ili ikae wazi juu ya gunia, jalada la plastiki kwa ajili ya mikono yenye maji. Nakala ya majaribio ilikuja na Machi yenye siku thelathini, ikarudishwa. Ya pili ilikuwa sawa.

Chama cha wauza dagaa wa Igombe kiliagiza mia tano, zigawiwe kwenye mkutano wao wa mwaka, Jumanne tarehe tisa. Siku hiyo ilichaguliwa kwa sababu iliangukia kwenye mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala mchangani, na watu wote wa dagaa wanapatikana nchi kavu. Mwenyekiti wao, mzee Yeremia, alisema bila kuzunguka kwamba zisipofika siku hiyo basi tena, kwa sababu siku za giza zikirudi hakuna atakayekaa mkutanoni, na mwaka ukishaanza nani ananunua dayari.

Jay aliulizwa kama anaweza kuchapa nyingine. Alionyesha mashine. Ilikuwa na foleni ya kalenda na kadi za harusi mpaka tarehe ishirini, na kufunga waya dayari mia nane kwa mikono kulichukua siku tisa.

"Mlimpaje mtu msiyemjua?" Paskazia alimuuliza mama yake Jay, Daksha, aliyekuwa amekaa kaunta na mkono shavuni.

Daksha alisema alipigiwa kwenye simu ya mezani saa mbili kasoro dakika kumi. Mama yake Rebeka alipiga. Alisema binti amebanwa, anamtuma kijana na kirikuu, kigari cha mizigo, maboksi ishirini yawe tayari.

"Mimi ndiye mama yake Rebeka."

"Ndiyo sasa naona," alisema Daksha. "Kwenye simu sauti ya mama ni ya mama. Tuna miaka arobaini hapa, hatujawahi kumwambia mama wa mteja alete kitambulisho."

Koplo Mashimba alifika saa nne na nusu, mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni. Aliandika kila kitu kwa utaratibu uliomfanya Paskazia akune viganja. Simu ya mezani haionyeshi namba, alisema, na kampuni ya simu ikiandikiwa barua hujibu baada ya wiki mbili. Hivyo akaanza na lililokuwa karibu: nani ana kirikuu na alijua saa.

Alikuwepo mmoja. Chenge, dereva aliyekodiwa na Rebeka, alitakiwa afike saa tatu kamili akafika saa tatu na robo, gari likichuruzika maji. Koplo alilizunguka mara mbili.

"Unaosha gari asubuhi yote hii kuficha nini?"

"Harufu, afande," alisema Chenge. "Dada alisema vitabu vyake visinuke dagaa. Nimesugua na sabuni ya unga tangu saa moja, na mwenye bomba ananidai pole, maana foleni ya ndoo ilinitukana mpaka ukoo."

Koplo hakucheka. Chenge alipelekwa kituoni, akakaa kwenye benchi hadi saa tisa alasiri, mwenye bomba na wanawake wanne wa foleni walipothibitisha kwamba ni kweli walimtukana.

Rebeka naye alikuwa na mtu wake wa kumshuku. Oktoba Jay aliomba aongeze nakala mia tatu auze mwenyewe dukani, Rebeka akakataa. Saa kumi alasiri alimrudia akiwa na mama yake na kumwambia usoni kwamba yeye ndiye mwizi.

Jay alifungua kompyuta na kumwonyesha faili la dayari, kurasa zote, kuanzia Januari.

"Ningekuwa nataka kukuibia, Rebeka, ningechapa. Kila kitu ninacho hapa. Kwa nini nibebe maboksi?"

Paskazia alilibeba neno hilo, likamzunguka kichwani kama nzi. Mwizi wa kuuza angeuza wapi dayari za Igombe, zenye jina la Rebeka jaladani, mjini humuhumu? Aliyezichukua hakuzitaka. Alitaka zisiwepo.

Kabla hawajaondoka alimgeukia Daksha, akamwomba amwambie maneno ya ile simu yalivyokuwa, moja moja, kama anavyoyakumbuka.

Daksha alifumba macho. "Alisema, habari za asubuhi, mimi Mama Paulo. Nikamuuliza, Mama Paulo yupi? Akasema, mama yake Rebeka wa dayari. Nikasema sawa."

Paskazia alimwomba arudie lile jina.

Pale dukani walimjua kwa jina moja tu, Mama Rebeka. Chenge alimwita hivyo, Koplo aliandika hivyo. Mama Paulo lilikuwa jina la nyumbani, la mzaliwa wa kwanza, na waliobaki wakiliita walikuwa majirani wachache wa zamani na watu wa jumuiya yake ya sala. Mtu aliyepiga hakulitafuta. Lilimtoka mdomoni kwa mazoea.

Saa moja jioni, ugali ukiwa umepoa mezani bila kuguswa, Rebeka alihesabu kwa vidole. Nje ya watu wa duka, siku na saa ya kuchukua mzigo aliijua yeye, Chenge na mama. Idadi ya maboksi aliijua yeye na mama tu, maana Chenge aliambiwa mzigo wa gari moja.

"Mama, kuna mtu ulimwambia?"

Paskazia alisema hapana. Akainuka kuosha vyombo visivyo na uchafu.

Alikuwa amedanganya, na alijua wakati ulimi unazunguka. Jumamosi iliyopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jumuiya ilikutana kwake kama kila Jumamosi ilivyokutana kwa mmoja wao. Ulipofika muda wa nia, kila mmoja akisema anachotaka kuombewa na wenzake wakiitikia, yeye alisema kwa sauti, kwa furaha ya mama: tumwombee binti yangu Rebeka, Ijumaa saa tatu anachukua mzigo wake wa dayari kwa Shantilal, maboksi ishirini, Mungu amfikishe salama. Na watu wote wakaitikia, twakuomba utusikie. Akina mama wengi hufanya hivyo bila kuwaza, na wala si dhambi. Ila aliyeitikia na aliyeiba alikuwa mtu yule yule.

Jumamosi asubuhi alikwenda jumuiyani akiwa hajalala. Habari ilikuwa imeshafika. Wanawake walimshika mikono, wakampa pole nyingi, na Rose, katibu wao, akasema nia ya kwanza ya siku hiyo iwe ya maboksi ya Mama Paulo. Rose alikuwa mwenyeji wa Njombe, mwaka wa pili tu tangu mume wake ahamishiwe kikazi Mwanza, mwanamke nadhifu mwenye duka la vifaa vya shule Butimba. Ndiye aliyeandika nia za kila wiki kwenye daftari. Aliandika na hii.

Paskazia aliitikia kwa midomo mitupu. Alikuwa anahesabu. Wanaume aliwaacha, sauti ilikuwa ya kike. Mbali na yeye walikuwepo wanawake sita. Wanne aliwaona kwa macho yake Ijumaa saa mbili kasoro, wako foleni kwenye gari la maji mbele ya cherehani yake, na hakuna aliyeshika simu. Wa tano alikuwa bibi asiye na simu wala asiyejua kupiga. Wa sita alikuwa Rose.

Chai ilipokuja alizungusha maneno kama mtu anayetaka tu kuongea. Jana ilikuwa siku mbaya, alisema, hata sijui nyie mlikuwa wapi mnifariji.

"Mimi sikuwepo kabisa," alisema Rose, akimmiminia. "Nilidamkia Igombe. Mume wangu kaning'ang'ania dagaa wabichi, nikawakuta ndiyo wanashushwa kutoka ziwani. Nimerudi saa nne, nanuka mpaka nywele."

Wenzake walicheka. Paskazia alipokea kikombe. Igombe na mjini ni mwendo, na aliyepiga simu alipaswa awe karibu ayapokee maboksi; tena katibu ni katibu. Akamfuta. Alipomfuta hakubaki mtu, na hapo ndipo wasiwasi ulipomshika kwelikweli, kwa sababu Jumanne ilikuwa imebaki na siku tatu.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, alimwomba Chenge ampeleke Igombe. Alitaka kupiga magoti kwa mzee Yeremia asogeze mkutano. Chenge alimpeleka bila malipo, akinung'unika njia nzima kwamba ametuhumiwa na gari lake sasa linanukia sabuni ya unga hadi wateja wa samaki wanalikimbia.

Walifika saa nne. Paskazia alishuka, akasimama.

Mitumbwi ilikuwa imepangwa mchangani mmoja baada ya mwingine, imefudikizwa. Taa zilikuwa zimerundikwa chini ya turubai. Vichanja vya kuanikia vilikuwa vitupu kutoka mwanzo hadi mwisho, mbuzi wawili wamelala juu yake. Wanaume waliziba nyavu kivulini na mmoja alikuwa ananyolewa.

Alimsalimu mzee Yeremia, shikamoo, akaitikiwa marahaba. Maneno aliyokuja nayo hakuyasema.

"Mzee, mmelaza mitumbwi tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Mbalamwezi hii."

"Ijumaa asubuhi hakuna aliyeshusha dagaa? Hata ndoo moja ya mboga?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeuliza kama jua lilichomoza. "Mama, usiku wa kuamkia Ijumaa mwezi ulikuwa mkubwa kama sinia. Nani angewasha taa, awavue nini? Binti yako mwenyewe ndiye aliyetuchorea maduara, muulize."

Paskazia alirudi garini. Mtu aliyekulia pale angesema alikwenda kununua dagaa wakavu, au sato, au angesema alilala. Mtu wa Njombe, miaka miwili mjini, alichagua uongo aliodhani ni wa kawaida kuliko wote Mwanza.

Nyumbani alimkuta Rebeka kitandani, nguo zake zote zimetolewa sandukuni zikiwa mafungu mawili, za kwenda nazo na za kuacha. Paskazia alikaa pembeni ya fungu la kwenda nazo, akasema yote. Simu, jina la Paulo, Igombe, na ile Jumamosi ya nia.

Rebeka alisikiliza hadi mwisho.

"Ulitaja siku?"

"Nilitaja."

"Na saa?"

"Na saa."

"Na maboksi, mama?"

"Na maboksi."

"Halafu juzi ukanitazama ukasema hapana."

Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza. Alitoka akaenda kukaa uani, na kwa siku iliyobaki aliongea na mama yake maneno ya lazima tu.

Jumatatu tarehe nane, saa moja na nusu asubuhi, Paskazia alikuwa Butimba, kwenye kijiwe cha magari ya kubeba mizigo. Alijiambia kwamba Koplo alimtafuta Antoni mjini na Buzuruga, lakini mtu hukodi gari lililo karibu na duka lake. Kulikuwa na kirikuu tano. Aliuliza Antoni ni nani, na kijana mmoja aliyekuwa anakula chapati akanyoosha mkono.

Hakuficha kitu, hakuwa na cha kuficha. Ijumaa alitumwa na mama wa duka la madaftari akachukue maboksi ishirini kwa Muhindi, Mtaa wa Rufiji. Alisaini jina lake. Aliyashusha stoo ya nyuma ya duka, na mama mwenyewe alisimama anayahesabu.

"Kwani kuna tatizo?" aliuliza, chapati imesimama njiani.

Paskazia alimwomba asiondoke, akampigia Rebeka na Koplo Mashimba. Alimpigia na Daksha, akimwomba aje tu kusikiliza.

Saa tatu na dakika arobaini waliingia dukani: Koplo mbele, Paskazia, Rebeka, na Daksha akiwa amejifunika mtandio. Jay alibaki nje na Antoni. Rose alikuwa juu ya stuli anapanga kalamu. Nyuma yake rafu nzima ilikuwa imejaa dayari za kutoka Dar, nyeusi na nyekundu, zimepangwa migongo nje.

Alishuka, akawakaribisha, akatafuta viti. Koplo alianza kufungua daftari lake lakini Paskazia alikuwa ameshakosa subira.

"Katibu, wale dagaa wa Ijumaa ulinunua kwa nani?"

"Kwa wavuvi. Sikuwauliza majina."

"Walishushwa saa ngapi?"

"Nimefika saa moja na nusu, ndiyo wanashusha. Kwani vipi, Mama Paulo?"

Daksha aligeuza kichwa. "Ndiyo huyu," alisema polepole. "Hivyo hivyo alivyolisema."

"Nilikuwa Igombe jana," alisema Paskazia. "Ni mbalamwezi, Rose. Mitumbwi imelala tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Hakuna dagaa hata mmoja aliyetoka kwenye maji yale Ijumaa. Na Antoni yuko hapo mlangoni na kirikuu yake."

Rose aliangalia mlango. Akaangalia rafu. Kisha akavuta kiti alichokuwa amewawekea wageni, akakaa yeye.

"Yapo stoo," alisema. "Hesabuni. Sijafungua hata moja."

Koplo aliinua turubai. Maboksi ishirini yalikuwa yamepangwa safi, gundi ya Shantilal haijaguswa. Rebeka aliyagusa moja moja kama anayehesabu ng'ombe waliorudi.

"Ulitaka kuzifanyia nini?" aliuliza.

"Hakuna. Katikati ya Januari ningezirudisha. Nilitaka zichelewe, basi."

"Januari ni karatasi tupu za moto."

"Najua. Mimi nauza dayari mwaka wa pili huu, najua zinaoza lini." Alimgeukia Paskazia. "Wateja wangu walianza kuniambia Novemba, usituletee za Dar, tunasubiri za yule binti wa Buzuruga zenye mbalamwezi. Hata walimu wasiojua dagaa anavuliwaje. Nikaja kwako, Mama Paulo, nikakuuliza kama Rebeka anaweza kunipa niuzie hapa. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Paskazia alikumbuka. Alisema Rebeka ana watu wake. Hakumuuliza hata Rebeka mwenyewe.

"Halafu kila Jumamosi," alisema Rose, "unasimama unamwombea azidi. Wiki nne. Na mimi ndiye ninayeandika. Mlinikalisha hapo katikati yenu niombe duka langu life, na nikaitikia. Twakuomba utusikie. Mara nne nimeitikia. Hakuna aliyenitazama hata usoni akaona rafu yangu hii mnayoipita kila siku."

Daksha alikohoa, akasema kwa upole kwamba biashara ni ngumu kwa wote, lakini yeye alipigiwa simu na mtu aliyejiita mama wa mtu, na jambo hilo linamkaa vibaya kuliko maboksi.

"Lile jina ni la mtoto wangu," alisema Paskazia. "Wewe unajua alipo? Maana mimi sijui. Na ulilitumia kumpeleka na wa pili."

Rose alifunika uso. Kuhusu pasipoti hakuwa anajua. Hiyo nia Paskazia hakuwahi kuitoa, aliona aibu.

Hapo wangedhani yamekwisha, lakini Koplo Mashimba alitoa kalamu ya pili na kutangaza kwamba maboksi yote ishirini sasa ni kielelezo, yataenda kituoni hadi kesi isikilizwe. Rebeka alikaa chini sakafuni. Kesho yake ilikuwa Jumanne, sikukuu ya Uhuru, ofisi zote zimefungwa, na mkutano wa Igombe ulianza saa nne asubuhi.

Paskazia alimfuata Koplo hadi nje, akarudi naye ndani, akatoka naye tena. Hakulia. Alimweleza kwamba wizi wenyewe ulikuwa wa kuchelewesha, na akiyaweka maboksi kituoni atakuwa amemalizia kazi ya mwizi kwa mhuri wa serikali. Koplo alikasirika, akamwambia achunge maneno yake. Baada ya hapo alimpigia mkubwa wake, simu haikupokelewa. Alipiga tena. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, Antoni akamaliza chapati nyingine mbili. Saa tano na dakika ishirini mkubwa alipokea: apige picha maboksi yote, boksi moja libaki kielelezo, kumi na tisa wakabidhiwe kwa sahihi.

Chenge aliyapakia. Rose alipandishwa gari la polisi akiwa amefunga duka lake mwenyewe na kumkabidhi Antoni ufunguo ampelekee mume wake. Alipopita mbele ya Paskazia hakusema samahani, wala Paskazia hakuwa na mkono wa kumpa.

Jumanne dayari zilifika Igombe saa tatu. Mia tano zilikwisha kabla mkutano haujafunguliwa, na wanawake wa vichanjani waligombania za ziada hadi mzee Yeremia akawapangia mstari. Paskazia hakuwepo. Rebeka alimwambia abaki na cherehani.

Siku zikaanza kuwa ndefu. Dayari zilizobaki zilitoka, Krismasi ikapita, mwaka ukageuka, na kuhusu wakala wa Omani Rebeka hakusema neno. Alikuwa na adabu yake ile ile, alisalimia, alipika, alitoka asubuhi na kurudi jioni, lakini alikokwenda hakumwambia mama yake, na mama hakuthubutu kuuliza. Jumuiyani, Paskazia alipofikiwa zamu ya nia alisema tu, kwa ajili ya wote. Akalala vibaya wiki tano.

Tarehe kumi na tano Januari, saa kumi na moja alfajiri, aliamka akapiga pasi magauni matatu, akayakunja, akayapanga kwenye begi pamoja na kanga mpya na sabuni. Akakaa kwenye kiti mlangoni kusubiri. Kama ni kuondoka, asiondoke na nguo zilizokunjamana.

Rebeka alitoka chumbani saa kumi na mbili, mswaki mdomoni. Aliliangalia begi.

"Nani anasafiri?"

"Si leo ndiyo tarehe kumi na tano?"

"Nilimpigia yule wakala siku ile ile ya Igombe, mama. Nilisimama pale pale mchangani nikamwambia siendi."

"Mwezi mzima, Rebeka. Mwezi mzima nakaa hivi, na hukuniambia."

Rebeka alitoa mswaki mdomoni. Hakuwa na hasira tena usoni, ila kulikuwa na kitu ambacho hakikuwepo Novemba, kama mlango uliorudishiwa.

"Ningekuambia, Jumamosi mngeniombea."

Akaenda uani kusukutua. Paskazia alianza kuyatoa magauni kwenye begi, moja moja.